Uso Mgongoni mwa Padri

Dekano, mkubwa wa maparoko wa pande zetu, aliponiuliza siku ile kanisani kulitokea nini, nilimjibu sijui. Akanitazama kama anayetazama mtu anayejifanya mjinga. Sikujifanya. Nilikuwa nimeketi kiti cha mbele kabisa, macho yangu ni mazima, na bado kichwa changu kilikuwa kama kabati ambalo mtu amelipekua na kuondoka bila kufunga milango. Hebu nianze na sisi wenyewe, pengine itaeleweka.

Sisi kina Lanssens wa Oosterwalle tulikuwa mabinti watatu: Sidonie, Alma, na mimi Zulma, kitinda mimba. Sidonie na mimi tulifundishwa kutarizi na masista, tukazeekea kwenye fremu moja iliyosimama dirishani chumba cha mbele, yeye upande huu na mimi upande ule. Mavazi ya misa yaliyotoka mikononi mwetu yamejaa makanisa ya Flandria, na hakuna hata moja lenye jina letu. Kazi tuligawana. Mimi nilikuwa mtu wa dhahabu: nautandaza uzi wa dhahabu juu ya hariri, naufunga kwa vishono vidogo, safu baada ya safu, mpaka joho la malaika ling'ae. "Kazi ya ng'ombe wa jembe," Sidonie alikuwa akisema. Yeye alishona nyuso na mikono, kwa unyuzi mmoja mwembamba wa hariri, na kwa hilo alijiona malkia. Sikumpinga. Uso nilijaribu mara moja tu maishani, Mtakatifu Yosefu, akatoka kama mtu aliyekula samaki aliyeoza.

Alma hakushona. Alifanya kazi kiwanda cha kitani, akacheka kwa sauti barabarani, na mwaka 1940 akamzaa Wilfried bila mume. Mwanaume mwenyewe alikwenda Ufaransa kuvuna viazisukari na mpaka leo yuko njiani anarudi.

Wakati ule kila mtu kanisani alikuwa na kiti chake, chenye jina lake kwenye kibati cha shaba, na msimamizi wa viti alikuwa Eudoxie Baert, mke wa mtunza sakristia. Tumbo la Alma lilipoanza kuonekana, Jumapili moja alifika akakuta kiti chake kimehamishiwa nyuma ya nguzo nene, kule kwenye birika la ubatizo. Ukikaa pale huoni kitu ila mawe, na hakuna anayekuona. Hakuna aliyesema neno. Alma akaenda akaketi. Aliketi pale miaka minne, mtoto mapajani, akisikiliza misa kwa masikio tu, mpaka kifua kikuu kilipomchukua. Wakikutana naye njiani, watu waligeuza macho. Siku hizi wanasema haikuwa chuki, ilikuwa aibu. Tofauti yake sijaijua.

Mtoto tukamlea. Sidonie akawa Mama Mkubwa, mimi Mama Mdogo, na nafasi ya katikati ikabaki wazi. Alipofika miaka kumi na minane akatuambia anataka upadri. Mimi nililia. Sidonie aliuliza swali moja.

"Misa yako ya kwanza utaisomea hapa?"

"Hapa, Mama Mkubwa. Nitaisomea wapi pengine?"

"Basi kasula nitakushonea mimi."

Hilo lilieleweka. Nusu ya mapadri wa pande zile walivaa siku yao ya kwanza kasula, lile vazi la juu la misa, iliyoshonwa na mama, shangazi au dada. Lakini kijana alipoondoka kwenda seminari, Sidonie aliniambia lililobaki. Mgongoni mwa kasula atashona Bikira Maria, na Bikira huyo atakuwa na uso wa Alma.

"Una wazimu," nikamwambia. "Masista walitufundisha nini? Uso wa mtu unayemjua hushoni."

"Masista wamekufa."

"Watu watamtambua!"

"Ndiyo nataka wamtambue. Walikataa kumtazama miaka minne. Sasa watamtazama saa nzima, wamepiga magoti, na anayemvaa ni mwanawe. Hawatakuwa na mahali pengine pa kuweka macho, Zulma. Hata yule Eudoxie."

Nami nikakubali, maana kusema kweli nililitaka hilo kuliko yeye. Siku hizo padri alisoma misa akiielekea altare, mgongo kwa watu. Ndiyo maana sisi watarizi tuliweka kila kitu cha maana mgongoni. Mbele tuliweka ukanda tu, basi. Mbele ni kwa ajili ya Mungu, masista walikuwa wakisema, na Mungu hana haja ya kuonyeshwa.

Tulianza vuli ya 1963, kati ya kazi za wateja. Macho ya Sidonie yalikuwa yameshaanza kumkimbia. Kilichokuwa karibu na pua alikiona, kilichokuwa mbali kilikuwa ukungu. Magoti nayo yakagoma, na tangu Krismasi ya 1964 hakutoka tena nyumbani. Misa akawa anaisikiliza redioni.

Uso ulikuja mwisho, kama desturi, kwenye kipande chake cha kitani. Picha ya Alma tulikuwa nayo moja, ya kitambulisho, ambamo anaonekana kama anayetafutwa na polisi. Sidonie akaisukuma kando, akashona kwa kumbukumbu, pua yake ikigusa kitani. Mwezi Februari alimaliza macho, akautia uso mahali pake, na mimi nikauzungushia kamba ya dhahabu ili using'oke hata kwa kisu. Siku nilipoondoa karatasi iliyoufunika nilimsalimu kabla sijafikiri. Alikuwa Alma. Alikuwa karibu kucheka.

Mwezi uliofuata, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, nikaenda kanisani peke yangu kama kawaida, nikakuta meza.

Meza ya mbao, imewekwa mbele ya altare, kama ya kukatia nyama. Paroko Maenhout akatoka sakristia, akazunguka nyuma yake, akatutazama. Nikadhani ameugua. Halafu akasema "Bwana awe nanyi" kwa lugha yetu ya nyumbani, na kanisa zima likaduwaa. Cyriel wa bucha akajibu kwa Kilatini. Mwalimu wa shule akajibu kwa lugha yetu. Mimi nikasema amina. Mbele yangu mama mmoja alikaa, akasimama, akapiga magoti, akakaa tena, yote kabla somo halijaanza. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba paroko wetu hutoa ncha ya ulimi anapogeuza ukurasa. Niliukodolea macho ulimi ule, na hapo ndipo nilipoelewa. Uso wake uko kwetu. Mgongo wake uko ukutani. Alma ataangalia ukuta.

Nilirudi nyumbani. Sidonie alikuwa anashona bitana, anaimba puani.

"Misa ilikuwaje?"

"Ndefu," nikasema.

Sikuweza kumwambia. Nilipiga moyo konde mara tatu wiki ile, na mara zote tatu nikaishia kumuuliza kama anataka kahawa. Alipojilaza mchana niliigeuza kasula, nikapima. Uso ungeweza kuhamishwa mbele? Mbele shingo imekatwa chini, uso ungeangukia tumboni, Bikira Maria kwenye kitovu cha padri. Na hariri ikishatobolewa haiponi. Mgongoni pangebaki kovu la umbo la mwanamke. Nikairudisha chini ya shuka lake. Kitu chenye umri wa miezi kumi na minane kilikuwa kimeharibika bila mtu kukigusa, na sikujua nimkasirikie nani.

Nikaenda kumkasirikia paroko, maana alikuwa karibu.

"Baba Paroko, siku ile moja tu. Mwacheni Wilfried asomee kwenye altare ya zamani."

"Haiwezekani, Zulma. Dekano anakuja. Mtaguso wa maaskofu kule Roma umeamua."

"Mtaguso haukuniuliza mimi."

"Na mimi je, Mtaguso uliniuliza?" Akavua miwani, akajifuta jasho. "Unadhani nimezoea? Miaka thelathini naangalia mlango wa tabernakulo, sasa namwangalia Cyriel anasinzia. Juzi nimesahau Baba Yetu. Baba Yetu, Zulma! Nilifika kwenye mkate wa kila siku nikakwama."

"Sasa kwa nini mnafanya?"

"Nimeambiwa."

"Na wakikuambia ugeuke tena?"

"Nitageuka tena," alisema, na masikini alimaanisha. Nilikuwa nimekuja na matusi mfukoni, nikaondoka namwonea huruma. Sababu yangu sikumwambia. Angeikataza kasula yenyewe.

Pasaka Wilfried akaja nyumbani. Chumba cha mbele hakuruhusiwa kuingia, maana kasula haionwi na mwenyewe kabla ya siku yake. Nilimkuta bustanini nyuma ya kamba ya nguo, anafungua na kufunga mikono mbele ya mashuka.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Najizoeza, Mama Mdogo. Nachanganyikiwa. Miaka mitano wametufunza: busu altare, geukia watu kwa kulia, fungua mikono, 'Bwana awe nanyi'. Mwili umeshika. Sasa wanasema usigeuke, watu wako mbele yako. Akili imesikia, mwili haujasikia. Jana seminari nimegeuka mara mbili, wenzangu wakacheka mpaka wakalia."

"Utazoea."

"Mama Mkubwa anasemaje kuhusu meza?"

"Hajui. Wala usimwambie."

"Hajui? Kwa nini nisimwambie?"

"Kwa sababu nimesema!" Nilifoka, na shuka nikalitandaza upya ingawa lilikuwa limetandazwa vizuri. Alinitazama kwa mshangao, halafu akanisaidia kushika upande wa pili.

Siku ikafika, Jumapili ya Julai, jua kali. Oosterwalle ilikuwa imepambwa kama haijawahi: matao ya maua ya karatasi, bendera za manjano na nyeupe, mchanga wa rangi barabarani. Kwa Alma hawakuweka hata ua moja kaburini, lakini kwa mwanawe walikesha wakikata karatasi. Niliwatazama wakinitabasamia nikashindwa kujua nirudishe tabasamu au niteme mate. Nikarudisha. Sidonie tulimpeleka kwa kiti cha magurudumu tulichoazimwa na hospitali ya masista. Alivaa kofia yake ya mazishi, aliitia utepe mweupe ili isionekane ya mazishi.

"Niweke mbele," aliniambia. "Sitamwona, lakini nataka kusikia wanavyonyamaza."

Nikamweka mbele, nikaingia sakristia kumvisha kijana. Kasula ilikuwa mezani, imelazwa kama desturi, mgongo juu. Nikaondoa shuka.

Wilfried alisimama na alba, ile kanzu nyeupe ya ndani, akatazama. Alitazama muda mrefu. Mapadri wawili walikuwa wanatafuta kitabu kipya na kulaumiana, hawakutuona.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Bikira Maria. Vaa."

"Mama Mdogo."

"Vaa, dekano anasubiri!"

Akanyoosha kidole mpaka karibu na shavu la hariri, akakizuia hapo. Tangu utotoni tulimfundisha kwamba hariri haiguswi kwa mkono mtupu.

"Anataka kucheka," alisema. "Sijawahi kuona Bikira anayetaka kucheka."

Nilichukua mshipi. Nilimfunga, nikamfungua, nikamfunga tena. Nilitaka kumwambia kila kitu, na nilitaka pia anyamaze, avae, aondoke. Nilimvisha kichwani, nikainyoosha mabegani, nikamsukuma mlangoni kama anayechelewa shule. Kisha nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikaketi karibu na dada yangu.

Mlango wa sakristia yetu unatokea nyuma kabisa, kule kwenye altare ya zamani, kwa hiyo padri akitoka anakuja akitutazama. Wilfried alitoka, akapanda, akasimama nyuma ya ile meza na ukanda wake mtupu kifuani. Paroko kulia kwake, dekano kushoto. Watu wakasimama, nusu yao. Kwaya ikaimba. Sidonie alikaza macho yake ya ukungu mbele, na baada ya muda nikamwona anakunja uso.

"Zulma," alinong'ona. "Mbona kichwa chake ni cheupe?"

"Nini?"

"Nywele zake ni nyeusi. Ningeona cheusi. Naona cheupe. Ametugeukia?"

Nilikuwa na miezi minne ya kulisema, na nikalisema katikati ya Utukufu kwa Mungu juu.

"Ndiyo, dada. Siku hizi wanasoma wakitutazama. Tangu Machi."

"Tangu Machi." Akanigeuzia kichwa. "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na Alma?"

"Anaangalia ukuta."

Hakunikaripia. Ningefurahi kama angenikaripia, au kunifinya kama zamani. Aliweka mikono yake mapajani, ile mikono ya nyuso, akaitazama. "Wamemrudisha nyuma ya nguzo," alisema, si kwa kunong'ona tena, na mtu nyuma yetu akatunyamazisha.

Nilitaka kufa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wimbo ukaisha. Wilfried alikuwa amepauka, jasho linamtiririka, midomo inajisemesha peke yake. Akainama, akabusu meza. Akainuka. Halafu, taratibu, kwa kulia, mikono ikiwa pamoja kifuani, akageuka. Akatupa mgongo sisi wote, akaielekea altare ya zamani na watakatifu wake wa plasta, akafungua mikono na kuwaambia kwa sauti kubwa:

"Bwana awe nanyi!"

Na Alma akatutazama.

Sijui nieleze vipi. Mikono ya mwanawe ilipofunguka, kasula ilitanuka kama pazia, dhahabu yangu yote ikashika mwanga wa dirisha, na katikati alikuwa yeye, anakaribia kucheka, ana kanisa zima mbele yake. Hakuna aliyejibu. Nikageuza kichwa. Vijana walidhani ni sheria nyingine mpya. Wengine wakapiga magoti, na familia nzima ya Cyriel ikageuka kuelekea mlangoni, wakadhani sasa kila mtu anatakiwa ageuke. Lakini wale wa umri wangu na zaidi hawakugeuka popote. Walikuwa wameganda, midomo wazi. Walimtambua mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nawaona wanavyomtambua.

Sidonie alinishika kiganja. "Naona bluu. Zulma, bluu ile ni nini?"

"Ni joho lake, dada. Amegeuka. Ni Alma."

"Wanamwona?"

"Wanamwona."

"Nani?"

"Wote!"

Kimya kiliendelea, kirefu mno, paroko ametoa ulimi wake, dekano anapekua kitabu kana kwamba jambo lile limeandikwa humo mahali fulani. Ndipo safu ya pili, nyuma yetu kidogo, sauti moja ikajibu, sauti ya kizee, iliyokatika katikati.

"Na awe rohoni mwako."

Alikuwa Eudoxie Baert. Alikuwa amesimama peke yake katika safu yake, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, anamtazama Alma usoni. Alipomaliza akakaa, ingawa haukuwa wakati wa kukaa.

Paroko alimvuta Wilfried kwa upindo wa kasula. Kijana akatugeukia, mwekundu kama nyanya, akaomba sala ya kwanza kwa sauti iliyotetemeka. Nikasema moyoni, ashukuriwe Mungu kwa mwili wenye kichwa kigumu. Amekosea, masikini, na kosa lake limetuokoa.

Lakini kabla ya vipaji, akabusu meza, akainuka, akageuka tena. Kwa kulia, taratibu. "Bwana awe nanyi." Safari hii sehemu ya kanisa ilijibu. Baada ya komunyo akageuka mara ya tatu, na paroko hakuinua mkono kumvuta. Kabla ya kutuaga, mara ya nne, Oosterwalle nzima iliitikia kwa pamoja, kwa lugha yetu, bila mtu kukosea, na dekano alikuwa amefumba macho kama mtu anayeumwa jino. Sikuelewa. Mara moja ni kosa, nilijua hilo. Mara mbili ni woga. Mara nne nilikuwa sina jina lake. Na uso wake, kila alipoturudia, haukuniambia kitu.

Misa ilipokwisha ndipo dekano aliponishika sakristia na swali lake, nami nikamjibu nilivyomjibu.

Nje, watu walipanga mstari kupokea baraka ya padri mpya. Nilimsukuma Sidonie kivulini tusubiri. Watu walipita mbele yetu wakisema kazi nzuri, rangi nzuri, hariri nzuri, na hakuna aliyetaja uso, kana kwamba kasula ilikuwa na kila kitu isipokuwa uso. Nilianza kuchemka. Ndipo Eudoxie akaja na mkongojo wake, akasimama mbele ya kiti cha magurudumu. Miaka ishirini na mitano hatukuwa tumezungumza naye zaidi ya habari za asubuhi.

"Mdomo mmeukosea," alisema.

"Unasemaje?" nikauliza.

"Mmemshona mdomo mdogo. Alma alikuwa na mdomo mpana. Akicheka unauona mpaka jino la mwisho." Akatikisa kichwa kama aliyeuziwa kitu kibovu. "Mdomo mpana," alirudia, na akajiondokea.

"We kikongwe!" Nilitaka kumfuata. Naapa ningemfuata, baraka au hakuna baraka. "Umemsikia? Umemsikia, Sidonie? Baada ya yote aliyofanya, anakuja kutukosoa mshono!"

Sidonie alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia sikioni, na machozi yakamtoka, na sikujua kama bado anacheka.

"Anasema kweli," alisema alipoweza. "Mdomo ulinishinda. Nilijua tangu Februari, nikajidanganya. Nilikuwa nimeusahau."

"Anatutukana!"

"Zulma, mimi dada yake niliusahau. Yeye anaukumbuka."

Nilimwekea kofia sawa. Kumchukia Eudoxie ilikuwa kazi yangu ya miaka mingi kuliko dhahabu, na sasa hata hiyo nilikuwa sijui niishike wapi.

Chakula kilikuwa ukumbi wa shule, meza ndefu, watu themanini. Supu ya nyanya yenye vinyama, ulimi wa ng'ombe na mchuzi, viazi vya kukaanga vya duara. Dekano aliketi mbali na Wilfried, akala bila kuinua macho. Mimi nilikuwa nagawa chakula, na nilipofika kwa kijana nikainama kama ninayemwekea mchuzi.

"Mwanangu, niambie mimi tu. Ulikosea?"

Alikuwa amevua kasula, amebaki na kanzu yake nyeusi, nywele zimelowa jasho. Aliwatazama watu waliojaa ukumbi, akamtazama Mama Mkubwa wake aliyekuwa anamweleza mtu habari za mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mara ya kwanza nilikosea, Mama Mdogo," alisema, akasogeza sahani nimwongeze ulimi.